Magunia Niliyoyafua

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa mama mdogo,

Hapana, mtandao haukuwa na tatizo lolote. Ile siku uliponiuliza gogo letu lilipata bei gani kwenye mnada, nami nikaanza "halo, halo, mbona husikiki," nilikuwa nakusikia vizuri kabisa, hata kikohozi cha baba mdogo nilikisikia. Mimi ndiye niliyekata simu. Nimeona niliseme hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu najua nitajificha humo humo.

Sasa shikamoo, mama yangu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaitumia, au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Baba mdogo kikohozi kimempungukia? Na wale pacha, wameacha kung'ang'aniana kiti cha dirishani? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mume wangu anakuamkia, tena amesema nisisahau kuandika kwamba anakuamkia kwa mikono miwili.

Niruhusu niseme neno moja kuhusu huyu mwanamume kabla sijafika kwenye aibu yangu. Ni miezi miwili na nusu sasa, na bado nikisikia buti zake kwenye changarawe moyo unaruka kama nimeitwa jina mbele ya darasa. Unajua kazi yake ni kupima magogo uwanjani. Hakuna anayemwita kwa jina lake, wote wanamwita Futi. Akirudi nyumbani ananipima na mimi, anavuta ile futi yake ya chuma kutoka kichwani kwangu hadi kisiginoni, anakunja uso kama mkaguzi, kisha anatangaza: "Daraja la kwanza. Halina ufa." Mimi nacheka mpaka maziwa yanafurika jikoni. Ndivyo nilivyokuwa naishi, mama mdogo, ndani ya raha kama samaki majini. Sitaki kuisingizia raha. Ila ilikuwepo.

Nadhani nilikueleza kwenye simu habari za hawa watu wa mbao wanaojitolea. Ni wakataji, madereva wa malori, wapasuaji na wapishi wa kambi. Kila mwaka, Jumamosi kadhaa, wanafanya kazi bila malipo, na kinachopatikana kinakwenda hospitali ya watoto mjini. Aliyelianzisha jambo hili si bosi wala mtu wa ofisini. Ni mlinzi wetu, Mzee wa Geti. Miaka tisa iliyopita mjukuu wake alilazwa pale siku kumi na moja. Kitanda cha mtoto kilikuwepo, lakini cha mama yake hakikuwepo, na binti yake akalala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe siku zote hizo, miguu yake imejitokeza njiani, watu wanairuka. Mzee alirudi kazini akawasimulia wenzake wakati wa chakula cha mchana. Wakataji, watu ambao hata mti ukiwaangukia karibu wanautania, siku ile walikula kimya. Jumamosi iliyofuata wakajitolea kwa mara ya kwanza.

Mwaka huu walitaka kununua vitanda ishirini vya kukunja, vya akina mama wa wodi nzima. Dhoruba ilikuwa imeangusha mti mkubwa ukaziba barabara ya msituni, na kampuni ikawaachia. Futi wangu ndiye aliyeupima. Alirudi nyumbani siku hiyo anaongea kama mtu aliyeona malaika. "Mke wangu, hata ukiwa na mikono mitatu huwezi kuukumbatia." Mtengenezaji mmoja wa meza akasema atalinunua gogo hilo siku ya mnada kwa bei ya vitanda vyote ishirini, kwa sharti moja: liwe zima, maana anataka kulipasulia meza ya ubao mmoja.

Sasa sikiliza jinsi gogo linavyotunzwa, mimi mwenyewe nilikuwa silijui hilo. Mti ukishakatwa hukauka kuanzia kwenye ncha, na zikikauka haraka kuliko katikati, gogo linapasuka. Kwa kawaida hupakwa nta kwenye ncha. Safari hii nta ilikuwa imeisha stoo, basi wakazifunika ncha zote mbili kwa magunia mazito, na magunia yanamwagiwa maji asubuhi, mchana na jioni. Ni hivyo tu, kazi ya ndoo na mikono. Siku ya kugawana zamu nilikuwa nimesimama nyuma na kanga yangu mpya, nataka kupendwa na kila mtu, nikanyoosha mkono. Nikasema nitachukua wiki nzima ya mwisho peke yangu, gogo lenyewe liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Walinipigia makofi. Mama mpishi wa kambi akasema, "Bi Harusi huyu ni wetu!" Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku mbili nilifanya vizuri. Siku ya tatu, Jumatano, nilipokwenda asubuhi magunia yalikuwa yananuka. Yalikuwa na utelezi wa kijani na wadudu wadogo. Mama mdogo, wewe ndiye uliyenifundisha kutovumilia kitambaa kinachonuka, lakini usijilaumu, hukuniambia nifue magunia ya watu. Niliyavua. Nikayasugua kwa sabuni ya unga, nikayasuuza mara tatu, nikayaanika kwenye kamba yangu kwa vibanio, nikarudi nyuma nikayatazama jinsi yanavyong'aa. Nikajiambia yakitiririka kidogo nayarudisha.

Ndipo Futi akaingia anakimbia. Amepewa siku mbili za mapumziko, tena lori la kwenda mjini linaondoka sasa hivi. Fungate hatukuipata baada ya harusi, unakumbuka, alirudi kazini siku ya pili. Akanishika kiuno akanizungusha pale pale uani, kati ya yale magunia, na mimi nikacheka, nikachukua gauni la bluu na mkoba, nikapanda lori. Sikugeuka nyuma, wala Futi hakuuliza ni magunia gani. Tulikaa gesti yenye maji ya moto, tukapigwa picha, tukala mezani kwenye kitambaa cheupe. Kwa siku mbili sikulikumbuka gogo hata mara moja. Ningeweza kukuandikia kwamba nililikumbuka nikaingiwa na wasiwasi, lakini nimeshasema uongo wa kutosha siku hizi.

Lilinirudia kichwani Ijumaa alasiri, lori lilipokata kona ya kiwanda. Jua la siku tatu zile lilikuwa kali mno. Futi alikwenda kusaini ofisini, mimi nikakimbia uani. Kamba ilikuwa tupu. Magunia yalikuwa kwenye gogo, yamelowa, yamefungwa kamba vizuri. Nikashukuru Mungu. Kisha nikafunua upande mmoja. Ufa ulikuwa umeanzia katikati ya moyo wa mti ukashuka mpaka kwenye gome, na ukaingia ndani kwa urefu wa mtu mzima. Nilitia kidole, hiki chenye pete, kikazama chote. Nikalifunika tena. Nikaenda kupika.

Jumamosi asubuhi mnunuzi alikuja mapema kulitazama kabla ya mnada. Magunia yalipofunguliwa alivaa kofia yake akaondoka. Msimamizi wetu akageuka akaniuliza mbele ya watu wote, "Bi Harusi, zamu si ilikuwa yako? Mlipokwenda mjini ulimwachia nani?"

Mama mdogo, mkono wangu unakuwa mzito hapa. Mzee wa Geti alikuwa amesimama pale na ndoo. Dereva mmoja alikuwa amemwona Ijumaa mchana akihangaika kulifunika gogo, basi macho ya watu yalikuwa yameshaanza kumwendea. Nami nikasema, "Nilimwachia mzee."

Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemwonea huruma.

Mzee alinitazama. Niliona kabisa kwamba anashangaa, na kwamba anafikiri. Kisha akaweka ndoo chini akasema, "Ndiyo, aliniachia. Ni uzee."

Watu walimshambulia. Yule mkataji wanayemwita Radi alimwambia, "Mzee, miaka tisa unatuhubiria habari za kulala sakafuni, leo ndoo tatu za maji zimekushinda?" Na mume wangu, mume wangu mpole ambaye hata kuku hawafukuzi kwa sauti, alitikisa kichwa akasema, "Umetuangusha, mzee wangu." Nilikuwa nimesimama kando yake. Alikuwa amenishika mkono.

Lile gogo lilinunuliwa na mtu wa mbao za kawaida. Vilipatikana vitanda saba. Na kwa kuwa kila mwaka Mzee wa Geti ndiye anayeingiza kitanda cha kwanza wodini, msimamizi alisema safari hii ataingiza mtu mwingine. Mzee alivua ile fulana ya njano ya wanaojitolea, akaikunja mara nne kama nguo ya kwenda safari, akaiweka mezani. Siku ya pili yake ndiyo ukanipigia simu.

Jumatatu nilipita getini nimeinamisha uso. Akaniita, "Bi Harusi! Hata salamu?" Akaingiza mkono mfukoni akatoa vibanio vyangu vya nguo, vyote vinane, amevifunga kwa kipande cha uzi. "Vibanio vyako, mama. Nilipoyaanua yale magunia niliviweka visipotee."

Alifungua geti, lori likapita, akalifunga.

Bora angenitukana. Nilivishika vile vibanio nikarudi navyo nyumbani, na tangu siku ile sikuweza kucheka na mume wangu. Akivuta futi yake namwambia nina kazi. Akaanza kuniuliza kama naumwa, kisha, maskini, akaanza kufurahi kwa siri, naona alidhani nina mimba. Alininunulia hata machungwa. Niliyamenya yote, nikampa yeye ale.

Ijumaa alipokuja kula chakula cha mchana nilimwambia yote, nimesimama, sufuria mkononi. Hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini. Kitu cha kwanza alichosema hakikunihusu mimi hata kidogo: "Nilimwambia mzee wa watu ametuangusha. Mimi. Kwa mdomo wangu huu." Akatoka nje bila kofia. Nilimwona kupitia dirishani akivuka uwanja wa magogo mpaka getini, akasimama mbele ya mzee, akachuchumaa kama mtoto aliyeitwa na baba yake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza, "Kesho kwenye kikao utasema wewe au nitasema mimi?" Nikamwambia nitasema mimi. Akamaliza chakula chake kilichopoa. Hakunichokoza, hakunishika bega. Mlo wetu wa kwanza wa namna ile.

Kikao cha wanaojitolea hufanyikia kwenye banda la kupasulia mbao, watu wanakaa juu ya mbao. Niliomba nafasi. Nikasema sikumwachia mzee gogo, sikumwachia mtu yeyote, nilivua magunia nikayafua, nikaenda mjini.

Kisha Radi akauliza, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Yaani uliyafua? Magunia? Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni ya unga," nikasema.

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Mama mpishi alijishika ubavu. Mtu mmoja akasema, "Je, pasi ulipiga?" Walicheka mpaka vumbi la mbao likawaingia kooni, na mimi nimesimama pale natamani wanizomee badala yake. Msimamizi hakucheka. Alingoja mpaka wakanyamaza, akasema, "Sabuni ya vitanda kumi na vitatu. Haya, chekeni." Hakuna aliyecheka tena.

Wakamgeukia mzee. Radi akavua kofia. "Sasa wewe, mzee, kwa nini ulikubali kosa si lako?"

"Ningefanyaje?" mzee akasema. "Mtoto wa watu ana miezi miwili hapa. Mngemmeza mzima. Mimi mmeshazoea kunitafuna, nina mifupa." Radi akaenda mwenyewe kuichukua ile fulana ya njano, akampa kwa mikono yote miwili. Mzee aliipokea lakini hakuivaa. Akasema ataivaa Alhamisi, siku ya kupeleka vitanda, kama mimi nitashika upande wa pili wa kitanda cha kwanza. Nilidhani ananisamehe. Nilipofika wodini nilielewa kwamba alitaka nione.

Mama mdogo, ni chumba kirefu, kuta za kijani hafifu, madirisha juu. Vitanda vya watoto viko vimepangwa pande mbili, na chini ya kila kimoja kuna mkeka au kanga iliyokunjwa, na mfuko wa nguo, na kikombe. Hayo ndiyo makazi ya mama. Wengine wana mwezi pale. Tuliingiza cha kwanza, mzee kichwani mimi miguuni, tukakifungua, yule mama akakaa juu yake kwa tahadhari kama anaogopa kudaiwa nauli, kisha akacheka. Tukaingiza cha pili, cha tatu. Tulikuwa tunafuata mstari wa kushoto. Tulipomaliza cha saba, mama wa nane alikuwa ameshakunja mkeka wake. Alikuwa ameshausogeza mfuko wake pembeni, ameshafagia kwa mkono mahali pale, na kikombe amekishika. Akaniuliza mimi, si mzee, "Changu kiko nyuma?"

Nikamwambia, "Bado, dada. Vimeishia hapa."

Akasema, "Haya, asanteni," akautandika mkeka tena.

Hakukasirika. Alikuwa msichana wa rika langu, ana hina mikononi haijafutika vizuri. Nilitoka nje nikalilia ukutani, mzee akangoja mpaka nikamaliza, akanipa leso yake, akasema tu, "Twende, lori linatusubiri."

Sasa kila Jumamosi niko uwanjani nabandua magome na wanaume. Mikono yangu imekuwa migumu, Futi anasema nimeshuka daraja. Ndiyo, ameanza tena kutania, kidogo kidogo, na ananitazama kwa namna mpya, kama mtu anayepima kitu upya asiyetaka kukosea. Nampenda zaidi kuliko siku ya harusi, na namwogopa kidogo, jambo ambalo siku ya harusi halikuwepo. Jina la Bi Harusi limekwisha. Wananiita Sabuni. Naitika.

Kuna jambo jingine, na hili ni lako. Siku ile muuguzi mkuu alitufungulia stoo akatuonyesha magodoro ya sponji, membamba, yamekaa pale tangu mwaka jana. Haruhusiwi kuyaingiza wodini bila mifuniko ya plastiki, kwa sababu hayafutiki. Nilihesabu, nikapata kumi na manne. Nikaomba vipimo. Futi alipima mwenyewe, mara mbili. Zile picha zetu za mjini nimemwambia mpiga picha atuwekee, na pesa ya kuzilipia nimenunulia kitambaa cha plastiki. Ninacho hapa chini ya kitanda, marobota mawili. Nisichokuwa nacho ni mashine ya kushonea kitambaa kizito, wala mkono wa kuiendesha, na wewe umefunika makochi na viti vya nusu ya mji huo kwa miaka ishirini. Sikuombi unishonee. Naomba unikalishe pale kwenye kibanda chako, unionyeshe, ukinifokea unifokee, nishone mwenyewe mpaka yaishe.

Nisalimie sana baba mdogo, umsomee barua hii yote, usimrukie mahali. Nisalimie dada mkubwa na mumewe, wale pacha, na shangazi wa ghorofani ambaye najua atauliza kama nina mimba: mwambie sina, ni machungwa tu. Mungu alilinde goti lako na macho yako, na akuzidishie subira, maana utaihitaji nikifika.

Lori la mbao linakuja huko tarehe ishirini na tano na dereva amekubali kunibeba mimi na marobota yangu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako, mama mdogo, na safari hii ukiniuliza chochote nitakujibu nikiwa nakutazama usoni.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapoona haya kukwambia,

Sabuni, mke wa Futi